Barua kwa mwanangu: Hayo meno si uchafu

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako tumeupata, mama yako kausoma mara mbili. Wenzako huko Tanga wakikuuliza kama hupigi mswaki, usiinamishe uso. Rangi hiyo ya chai kwenye meno yako imetoka mlimani, na sisi wazazi wako tukaiongezea bila kujua. Ngoja nikueleze nilichookota miaka yote hii ya kuwabebea wanajiolojia, wale wataalamu wa miamba, mizigo Oldoinyo Lengai, mlima wetu wa volkano.

Tanga kuna nazi, kwa hiyo utanielewa upesi. Ukikamua nazi mara ya kwanza kwa maji kiduchu, unapata tui kidogo, zito, lenye mafuta yote. Ukizidi kumimina maji na kukamua, tui linakuwa jingi lakini jepesi. Mwamba wa chini ya bara nao ni hivyo hivyo. Bonde la Ufa linapovutika, mwamba wa moto hupanda, mgandamizo hupungua, nao huanza kuyeyuka. Kwetu kaskazini mwa Tanzania, bara bado ni nene, kwa hiyo mwamba unayeyukia chini sana, tena haba. Tui zito. Sodiamu, potasiamu, florini, kaboni dioksaidi, vyote ambavyo madini ya kule chini hayavishiki sawasawa, hukimbilia kwenye matone hayo ya kwanza. Silika, ile iliyomo kwenye mchanga, ndiyo inayopungua. Nenda Afar, Ethiopia, ambako bara limeshavutika hadi likawa jembamba: mwamba unayeyuka kwa wingi, karibu na uso wa dunia, na basalti ya huko, yaani mwamba mweusi wa lava, inakaribia ile ya sakafu ya bahari. Tui jepesi.

Lengai ndio uliopita kiasi. Siku ya kwanza kuiona lava yake, mchana kweupe, nilidhani kuna mtu kamwaga oili chafu ya gari. Nyeusi, inateleza, haina wekundu hata kidogo. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 tu, kama nusu ya lava nyingine, maana karibu yote ni kaboneti, chumvi za jamii ya magadi, za sodiamu, kalisi na potasiamu. Kesho yake ilikuwa imepauka, ikawa kijivu, baadaye nyeupe kama chokaa, kwa unyevu wa hewa tu. Leo hii hakuna volkano nyingine duniani inayotoa lava ya namna hiyo. Mojawapo ya madini yake huitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Wageni wangu wote hilo lazima nilitaje.

Sasa meno. Mlima Meru ni wa ukoo huo huo. Mvua inapita kwenye majivu na mawe yake, inaondoka na sodiamu na florini. Kwingine kalisi iliyomo majini ingeikamata florini ikatuama. Maji yetu yana magadi mengi na kalisi kidogo, kwa hiyo florini inafika hadi kwenye ndoo. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za huku zimepita hapo mbali. Kuchemsha hakuiondoi. Tena florini huliharibu jino likiwa bado ndani ya ufizi. La kwako lilipochomoza, kazi ilikuwa imekwisha, mswaki ungefanya nini?

Halafu makande. Bibi yako alitia magadi maharage yaive haraka, mama yako akafuata, mimi nikasifu. Magadi ya ziwani nayo yana florini. Nisamehe, mwanangu. Mlimani nilikuwa nawasikiliza wataalamu wakiyazungumza haya haya, nikirudi nyumbani naomba niongezewe sahani.

Mdogo wako tunampa maji ya mvua. Tangi liko nyuma ya jiko, na maji ya kisima tunafulia tu. Jirani anachuja ya kwake kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nasi tunafikiria hivyo kiangazi kikikaza. Wiki iliyopita jino lake la mbele, lile la ukubwani, limechomoza. Mama yako alilimulika kwa tochi ya simu, akaniita nami nilimulike.

Nasikia daktari wa meno anaweza kuyafunika ya kwako yasionekane. Uliza bei huko, unitumie. Mwezi ujao nina wageni wawili wa kupandisha.

Baba yako