Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: chanjo ya homa ya ini ifike dirisha la methadoni

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Mimi ni mwelimishaji rika hapa Dar es Salaam. Unga, yaani heroini, niliuacha kwa msaada wa methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi yake, kwa hiyo foleni ninayoiandikia naijua kwa miguu yangu.

Tangu kliniki ya kwanza ifunguliwe Muhimbili mwaka 2011, mraibu anakunywa dozi yake pale dirishani huku muuguzi akimtazama. Ni wagonjwa wachache wa nje wanaoonana na mhudumu kila siku ya Mungu kama sisi. Naomba dirisha hilo hilo litoe chanjo ya homa ya ini B (ugonjwa wa virusi unaoenea kwa damu, hata kwa sindano ya kuchangia), bure, kwa kila ambaye kipimo kitaonyesha hana virusi wala kinga.

Watoto wa Tanzania wanaipata tangu 2002. Wengi wanaojidunga walizaliwa kabla ya hapo, na mtu mzima akiitaka mara nyingi anaambiwa alipie. Nani atatoa hela ya chanjo akiwa na arosto, yale maumivu ya kukosa unga? Na virusi hivi ni vigumu kufa: vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado vikaambukiza. Bomba la sindano lililofichwa juzi ukutani bado ni hatari leo.

Wapo watakaokuambia kuwachanja mateja (majina mengine tunayoitwa unayajua) ni kumwaga maji mchangani. Si kweli. Chanjo inafanya kazi kwetu. Ni kweli kinga ya anayejidunga mara nyingi hupanda kidogo kuliko ya mtu mwenye afya njema, hasa akiwa na VVU au umri ukiwa umesogea. Kwa wenye VVU, madaktari wanaweza kuongeza kipimo cha dozi. Kinachotuangusha zaidi ni kutomaliza dozi. Ratiba ya kawaida ni leo, baada ya mwezi, kisha mwezi wa 6. Kwa mtu wa maskani, kijiwe cha watumiaji, miezi 6 ni mbali mno: atakamatwa, atahama, au simu itauzwa na hatapatikana tena.

Shirika la Afya Duniani lililiona hilo, na mwaka 2012 likashauri watu wanaojidunga wapewe ratiba ya haraka. Ratiba hiyo ni siku ya kwanza, ya 7 na ya 21, na dozi ya nne baada ya mwaka ili kinga idumu. Kule Sydney, Australia, watafiti waliwagawa watu wanaojidunga makundi mawili kwa ratiba hiyo ya haraka. Waliopewa dola 30 za Australia kila walipofika kwa dozi ya pili na ya tatu walimaliza kwa asilimia 87, na wasiopewa kwa asilimia 66. Hata bila senti, zaidi ya nusu walirudi.

Siombi sisi tulipwe hela ili turudi, Mheshimiwa. Sisi tayari tuna methadoni ya kuturudisha kesho yake. Siku ya 21 mtu atakuwa pale pale, kikombe mkononi.

Hospitali nyingi zenye kliniki hizi zina majokofu ya chanjo upande wa mama na mtoto. Kinachohitajika ni waraka wako, vitendanishi vya kupimia, na dozi za watu wazima kwenye bajeti. Wa maskani ambao hawajafika dirishani tutawafuata sisi waelimishaji rika, mradi muuguzi aruhusiwe kutoka nasi na sanduku la barafu.

Wako mtiifu,
Mwelimishaji rika, Dar es Salaam