Mgao wa rejista huharibika kabla ya rangi ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na walimu na wanafunzi wa somo la kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kuwa amri za mashine. Somo likifika kwenye ugawaji wa rejista (nafasi chache za kasi ndani ya prosesa) kwa njia ya grafu, yaani nukta au nodi zilizounganishwa kwa mistari, vipindi vingi huishia kwenye kupaka rangi: nodi hii nyekundu, ile bluu, majirani wasifanane. Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Programu inayotoa majibu ya uongo mara nyingi huharibiwa mapema, grafu inapojengwa, au baadaye, thamani zilizokosa rejista zinapomwagwa kwenye kumbukumbu. Vipindi vipelekwe huko.

Misingi yenyewe ni mifupi. Gregory Chaitin na wenzake wa IBM waliichapisha mwaka 1981: kila thamani ni nodi, thamani mbili zilizo hai (bado zitasomwa mbele) kwa wakati mmoja huunganishwa kwa mstari, na rangi ni rejista. Rejista zikiwa k, nodi yenye majirani pungufu ya k huondolewa na kuwekwa kwenye rundo, kwa sababu majirani hao wakipakwa vyovyote vile, itabaki rangi yake. Alfred Kempe aliitumia kanuni hiyo kwenye ramani tangu 1879. Grafu ikiisha, nodi hurudishwa moja moja kutoka juu ya rundo na kupewa rangi.

Kazi ngumu ni kuijua mistari yote. Pita kila bloku ya msimbo (amri zinazofuatana bila kuruka) kutoka mwisho kwenda mwanzo, ukiwa na seti ya thamani zilizo hai. Kwenye kila amri, thamani inayoandikwa hapo iunganishe na zote zilizo hai baada ya amri hiyo. Halafu itoe kwenye seti. Mwisho kabisa ingiza zile zinazosomwa. Mpangilio huu haubadilishwi. Kwenye a = a + b, ukiingiza kwanza na kutoa baadaye, a itatoweka kwenye seti ilhali bado inahitajika huko juu, na rejista yake itapewa thamani nyingine. Thamani isiyosomwa popote nayo lazima ichorewe mistari, maana amri yake itaandika kwenye rejista hata kama hakuna anayeingoja. Amri ya kunakili, a = b, ndiyo pekee inayosamehewa: yenyewe haileti mstari kati ya a na b, ili baadaye ziweze kuunganishwa kuwa nodi moja na amri ifutwe.

Kisha kuna rejista ambazo mashine imezikalia. Prosesa za x86-64 zina rejista 16 za kazi za kawaida. Rsp inashika staki (kumbukumbu inayotumiwa na funksheni zinapoitwa), kwa hiyo k ni 15, na ukiitenga rbp kwa fremu, yaani sehemu ya staki ya funksheni moja, inabaki 14. Kwenye Linux, funksheni inayoitwa ina ruhusa ya kuharibu tisa kati yake: rax, rcx, rdx, rsi, rdi, na r8 hadi r11. Kila thamani iliyo hai kuvuka mwito lazima iwe na mstari kwenda kwa zote tisa. Mwanafunzi akisahau hili, majaribio yake madogo yatapita yote, kwa kuwa hayana miito, na kosa litajificha hadi programu iwe kubwa. Amri za kugawanya nazo huandika rax na rdx kwa pamoja. Nodi za rejista hizi zina rangi tayari. Zisiondolewe wala zisimwagwe.

Nodi zote zilizobaki zikiwa na majirani k au zaidi, Chaitin alichagua moja ya kumwaga papo hapo. Briggs na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rice walionyesha mwaka 1989 kwamba ni mapema mno. Chukua nodi nne zilizounganishwa kama mraba, na rangi mbili. Kila moja ina majirani wawili, hivyo njia ya Chaitin humwaga. Ila mraba unatosha rangi mbili bila taabu. Nodi kama hiyo isukume kwenye rundo hivyo hivyo, uamue wakati wa kuipaka. Sioni sababu ya kufundisha njia ya zamani peke yake leo.

Anayemwagwa achaguliwe kwa gharama: hesabu kila kusomwa na kuandikwa kwake, zidisha kwa 10 kwa kila kitanzi (amri zinazorudiwa) kinachopazunguka mahali hapo, gawa kwa idadi ya majirani, chukua ndogo kuliko zote. Namba isiyobadilika isiandikwe kwenye kumbukumbu; itengenezwe upya inapohitajika. Kumwaga huzaa thamani fupi za muda kwenye kila amri iliyoguswa, kwa hiyo grafu hujengwa upya. Thamani hizo zipewe gharama isiyo na kikomo. Bila alama hiyo, mgawaji atazichagua zenyewe, azimwage, azae nyingine zinazofanana nazo, na asimalize kamwe.

Ombi langu kwa walimu: kabla ya kupima kasi, mtakeni mwanafunzi aandike kikaguzi kinachosimama peke yake, kinachopita msimbo uliokwisha kugawiwa na kuthibitisha kwamba kila rejista inaposomwa ina thamani iliyokusudiwa, kwenye kila njia ya kufika hapo. Kisha majaribio yote yarudiwe k ikiwa imeshushwa kwa makusudi hadi 4, ili hata funksheni ndogo zilazimike kumwaga.

Mhandisi wa kompaila,
Dar es Salaam