Kipindi kimoja cha shule hakitawapa watoto Kihadzabe

Mhariri,

Mjadala wa lugha zinazofifia ukifika Bonde la Yaeda na Ziwa Eyasi, ushauri ni ule ule: Kihadzabe, lugha ya wawindaji wa huku kaskazini mwa Tanzania, kipewe kipindi shuleni. Tupige hesabu. Mtoto aliye macho saa 12 kwa siku ana saa 84 kwa wiki. Vipindi viwili vya dakika 40 ni saa moja na dakika 20, haifiki hata asilimia mbili. Ataambulia salamu na majina ya wanyama, basi.

Wasemaji wa Kihadzabe ni kama 1,000, na lugha yenyewe haina ndugu anayejulikana. Lakini uchache si ugonjwa. Kambini mtoto anakipata bila kufundishwa na Kiswahili anajiongezea juu yake. Tatizo linaanza bwenini: anaingia mdogo, anachanganyika na watoto wa Kiiraqw na Kidatoga, na wote wanakutana kwenye Kiswahili. Akirudi likizo anaelewa kila kitu ila anajibu kwa Kiswahili. Wazazi nao, kwa upendo tu, wanahamia huko huko.

Anachokosa si msamiati pekee. Punda milia ni dongoko, na hiyo -ko ni alama ya jinsia ya kike. Kiswahili, ambacho "yeye" wake ni mume au mke, hakimzoeshi mtoto kusikiliza alama ya namna hiyo. (Hata jina Hadzabe lina -be ya wingi ndani yake. Tunaposema Wahadzabe tunaweka wingi juu ya wingi.) Halafu punda milia huyo akishauawa, anayetangaza mawindo hasemi dongoko, anasema hantayii. Wanyama wakubwa kadhaa wana majina ya aina hiyo, na mahali pa kuyasikia ni kambini nyama inapofika. Mwisho wa kiangazi, wawindaji wanapovizia usiku kwenye maji, mtoto wa bweni yuko katikati ya muhula.

Dawa ni saa, tena za umri mdogo. Wamaori wa New Zealand walipoanzisha vituo vya watoto vya kohanga reo mwaka 1982, waliwakabidhi watoto wachanga kwa wazee wanaoongea lugha yao siku nzima. Hapa kwetu muundo upo tayari: shule shikizi, yaani tawi dogo la shule mama. Iwekwe karibu na kambi, kuanzia awali hadi darasa la pili, iwe na wazee wawili wanaolipwa posho pamoja na mwalimu. Wawili, kwa sababu mtoto anahitaji kusikia watu wazima wakiongea wao kwa wao. Mzee mmoja na mwalimu asiyejua lugha wataishia kwenye Kiswahili kabla ya saa nne asubuhi. Kiswahili kiwe na saa yake na mtu wake. Mtoto akijibu kwa Kiswahili, mzee asimkemee wala asimtafsirie: aseme jambo lile lile kwa Kihadzabe na kuendelea na mazungumzo. Kukemea kunazaa watoto wanaonyamaza.

Kanuni ya Kenya ya kufundisha madarasa ya chini kwa lugha ya eneo tusiinakili bila kufikiri. Mukogodo, Laikipia, lugha ya eneo ni Kimaasai, na Kiyaaku, lugha ya asili ya Wayaaku wa huko, hakipati kitu hapo.

Lipo pia jambo lisilohitaji bajeti. Kihadzabe kina vidoko, yaani sauti za kudokoa kwa ulimi, vya sehemu tatu: menoni, kwenye ufizi na ubavuni mwa ulimi, navyo huandikwa c, q na x. Abjadi ya Kiswahili haina pa kuviweka, hivyo jina likiandikwa kwa sikio la Kiswahili kidoko kinadondoka, na mtoto anaitwa hivyo hadi darasa la saba. Mwalimu wa darasa la kwanza amwombe mzazi alitamke jina mara mbili kabla ya kulijaza kwenye daftari la mahudhurio.

Wasomaji wenu,
Karatu