Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mafunzo ya Uuguzi: Kujisomea nako hufundishwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mimi ni muuguzi wa wodini, na kila msimu wa mazoezi hupokea wanafunzi wa uuguzi. Naomba tuzungumze kuhusu kile ambacho ratiba za vyuo hukiita "kujisomea".

Kwenye ratiba nilizoziona, neno hilo huandikwa pale ambapo hakuna mkufunzi. Wanafunzi huachiwa noti wakariri. Wakifika wodini nikamuuliza mmoja, "Leo unataka kujifunza nini?" hunyamaza kwanza, kisha hunijibu, "Chochote utakachonipangia, sista." Simlaumu. Hajawahi kuulizwa swali hilo.

Malcolm Knowles, mtaalamu wa Marekani wa elimu ya watu wazima, aliandika mwaka 1975 kwamba anayejiongoza kimasomo hutambua pengo lake, hujiwekea lengo, hutafuta pa kujifunzia, huchagua njia, kisha hujipima, kwa msaada wa wengine au bila msaada. Huo msaada ndio tulioutupa.

Nilipokuwa chuoni tulifundishwa kumzindua mtu mzima ambaye moyo wake umesimama kwa kuanza na njia ya hewa, kisha pumzi, kisha kukandamiza kifua. Mwaka 2010 miongozo ya Marekani iligeuza mpangilio huo, kifua kikatangulia. Nilikuwa nimeshahitimu, na hakuna mwalimu aliyenifuata kuniambia. Nilijua kwa sababu mwenzangu mmoja, mwenye mazoea ya kufuatilia miongozo mipya, alikuja nayo zamu ya usiku. Asingekuwepo, sijui ningeendelea na mpangilio wa zamani hadi lini, na kwa wagonjwa wangapi.

Sasa kila mwanafunzi wangu huanza zamu kwa kuandika swali moja linalomhusu mgonjwa aliye mbele yake. Kabla ya kukabidhiana zamu hunieleza jibu, amelitoa wapi, na ana uhakika nalo kiasi gani. Wiki ya kwanza maswali huwa ya darasani: furosemidi ni nini? (Ni dawa ya kuongeza mkojo.) Baadaye hubadilika: mbona anapewa asubuhi na si jioni? Mbona daktari ameagiza apimwe potasiamu? Hapo najua mwanafunzi ameanza kumwona mgonjwa. Jibu nisilolijua nalitafuta pamoja naye, na hajawahi kunidharau kwa hilo.

Mheshimiwa, agiza saa za kujisomea ziwe na mkufunzi anayemsaidia mwanafunzi kuunda swali na kupima chanzo cha jibu. Agiza pia alama zitolewe kwa swali na kwa namna lilivyotafutiwa jibu. Mtihani wa kukariri ukibaki peke yake, watakariri tu. Na wodini wasigeuzwe vibarua wa kutandika vitanda na kupeleka sampuli maabara kutwa nzima. Nusu saa ya kusoma ndani ya zamu inatosha kwa kuanzia.

Madaftari ya maswali yao ninayo. Ukiniita, nitakuja nayo.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa wodini