Si jini, ni rula

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka ishirini bila kuwaandikia hata salamu. Safari hii nimeshindwa. Yule mwandishi wenu aliyesema vijana wanapata sonona kwa kuacha ibada, kawauliza masheikh, wachungaji, hadi diwani. Kijana hata mmoja hakumuuliza.

Mpwa wangu ana miaka 23, kakulia kwangu. Ramadhani anafunga yote, msikitini haingii, na nimemsema mpaka nimechoka. Mwaka jana kwenye hitima ya bibi yake akapewa juzuu ya Kurani asome. Kuifungua tu, vidole vikatetemeka, jasho likamtoka, akairudisha taratibu juu ya mto na kwenda zake nje. Haya, wakasema jini! Akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea maandishi ya aya, siku saba, usingizi haukurudi. Usiku mmoja barazani ndipo aliponieleza. Alipokuwa na miaka minane, kila akikosea herufi mwalimu wa chuo cha Kurani alimwambia akusanye ncha za vidole, kisha rula. "Mjomba, nikiziona zile herufi vidole vinauma." Na chuoni nilimpeleka mimi mwenyewe, nikamwambia mwalimu: nyama yako, mifupa yangu. Leo mnaniambia hana imani, na mtu anaswali chumbani kwake, komeo ndani, kama anayeiba!

(Wapo walimu wapole. Mmoja hapa mtaani huwapa watoto kashata, na chuo chake kimejaa.)

Shuleni nako yaleyale. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu aidhinishe, na viandikwe kitabuni. Nimekaa kamati ya shule miaka sita, hicho kitabu sijakiona. Nilichokiona ni mwalimu wa ushauri nasaha ambaye ndiye huyohuyo wa nidhamu, fimbo kwapani. Mtoto akamweleze nini? Utafiti wa mwaka 2009 uliofanywa na serikali pamoja na UNICEF ulikuta karibu robo tatu ya watoto wetu wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Waliohojiwa wakati ule wengi ni wazazi sasa, na fimbo wanazo wao.

Mwandishi wenu aje Tanga Jumamosi asubuhi. Akae chini ya dirisha la chuo nitakachomwonyesha, ahesabu rula, kisha aende kwa yule wa kashata, ahesabu tena. Nauli nitamrudishia. Akimaliza apite kwangu, chai ipo na mpwa wangu yupo, ila maswali ya majini ayaache kwenye basi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Chumbageni, Tanga