Kiziwi kusoma anaweza, apewe lugha kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu kauli niliyoisikia kwenye kikao cha wazazi hapa Dodoma. Mwalimu mmoja, tena mwenye heshima zake, alisema watoto viziwi wanakariri tu, kusoma kwenyewe hawawezi. Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Baadaye huyohuyo akatuambia tusihangaike na lugha ya alama, mtoto ukimwandikia ataelewa. Sasa tushike lipi?

Mimi ni Mgogo wa Mpwapwa. Nilipoanza shule Kiswahili nilikuwa sikijui, lakini Kigogo nilikuwa nacho tele: nilijua kusimulia, kuuliza, hata kubisha. Kiswahili kikapata pa kushika. Mtoto aliyezaliwa kiziwi kwenye nyumba ya watu wanaosikia, wasiojua alama, anaingia darasa la kwanza hana hata hicho cha nyumbani. Halafu tunampa kitabu cha Kiswahili na kumshangaa.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi alisoma "Mbuzi alifukuzwa na mbwa", akanionyesha kwa mikono mbuzi akimkimbiza mbwa. Mbuzi anamjua, mbwa anamjua, kufukuza anakujua. Kilichompita ni ile "w" iliyojificha ndani ya kitenzi, ambayo sisi wengine tumeisikia tangu tukiwa tunabebwa mgongoni. Kijana mmoja kiziwi, fundi seremala pale Majengo, akamweleza kwa alama nani kamfukuza nani. Akacheka, kisha akaandika ya kwake: "Mama alikemewa na mwalimu." Sijui kikao alikisikia wapi!

Wapo wanaosema basi asome midomo. Hebu simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba, mama, papa. Ukiweza kuzitofautisha, nipigie simu. Na hapo ni mtu aliyekugeukia. Mwalimu anayeandika ubaoni huku akiongea, mtoto anaona kisogo.

Kukataza alama hakukuanzia kwetu. Mwaka 1880 walimu walikutana Milan, Italia, wakaamua viziwi wafundishwe kwa kuongea. Mkutano huohuo wa kimataifa ulipokaa Vancouver, Kanada, mwaka 2010, ukayakataa maazimio yale. Miaka 130! Sisi Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010 hiyohiyo, lakini kikaoni bado tunaambiwa tusihangaike.

Ninachoomba halmashauri si majengo. Watoto hawa wafundishwe na mtu anayejua alama sawasawa, si za kubahatisha, na walimu viziwi wawemo. Sisi wazazi nasi tufundishwe, tena mapema, kabla mtoto hajafikisha umri wa shule. Chama cha Viziwi, CHAVITA, kipo, kiulizwe. Ukumbi wa kata yetu Jumamosi hukaa mtupu, na funguo anazo mtendaji.

Mzazi,
Chang'ombe, Dodoma