Major Taylor apewe nafasi yake

Mhariri,

Kila wanapotajwa wanamichezo weusi waliowatangulia wengine, jina la Marshall Walter Taylor, aliyejulikana zaidi kama Major Taylor, hurukwa, nami naona si haki. Mmarekani huyu, aliyezaliwa Indianapolis mwaka 1878, alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi za baiskeli mjini Montreal mwaka 1899, ilhali chama cha waendesha baiskeli cha nchi yake kilikwisha kuwanyima watu weusi uanachama tangu 1894. Uwanjani wapinzani walimzingira ili asipate njia, na mwaka 1897, huko Taunton, mmoja wao alimwangusha na kumkaba koo hadi akazimia. Hata hivyo alishikilia imani yake na kukataa kushindana Jumapili, ingawa fedha zilizoahidiwa zilikuwa nyingi.

Alifariki Chicago mwaka 1932 akiwa fukara, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Mwaka 1948 ndipo waendesha baiskeli wa zamani, wakisaidiwa na fedha za mtengenezaji wa baiskeli Frank Schwinn, walipomhamishia mahali pa heshima.

Naomba kurasa zenu za michezo, ambazo kandanda huzijaza kila siku, zimwandike walau kila Novemba 26, siku aliyozaliwa.

Msomaji wenu,
Morogoro